Udongo Mwekundu Chini ya Lami

Marehemu alikuwa mtu wa viatu. Dereva wake alilisema hilo, mkewe akalisema, na hata mlinzi wa getini ambaye hakuwahi kumpenda alikubali kwamba Mwenyekiti hakukanyaga nje kabla viatu havijang'aa. Kwa hiyo Inspekta, mwanamke wa makamo, alipovitoa kwenye mfuko wa plastiki na kuvigeuza nyayo juu kwenye boneti la gari, Koplo wake aliacha kutafuna karanga.

"Udongo," Koplo akasema.

"Wa aina gani?"

Koplo akainama. Kwenye pembe ya kisigino ulikuwa umeshindiliwa udongo mzito, mwekundu, wa mfinyanzi, na ndani yake chembe ngumu zenye rangi ya kutu. Inspekta alichokoa chembe moja kwa ncha ya kalamu, akaisaga kiganjani. Ikawa unga.

"Tofali la kuchoma," akasema. "Lipo kwenye magoti ya suruali. Lipo chini ya kucha. Sasa geuka uniambie hapa mtu anaupata wapi udongo mwekundu."

Koplo akageuka. Mbele yake kulikuwa na lami mpaka macho yanachoka. Maegesho ya magari yalianzia barabara kuu yakaishia ukutani mwa supamaketi, na pembeni yalipangwa maduka makubwa kama masanduku: la samani, la vifaa vya ujenzi, la viatu, la vyombo vya umeme. Pasipo na lami palikuwa na saruji. Hata bwawa la kukusanyia maji ya mvua, kule nyuma ya maduka, lilikuwa limesakafiwa chini na kandokando.

Mwenyekiti alikuwa mkuu wa kampuni iliyojenga eneo lote lile la maduka, nje kabisa ya mji, na juzi asubuhi walimkuta akielea ndani ya bwawa hilo. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wote walisema aliteleza. Daktari aliyepasua maiti alisema vingine. Mapafu hayakuwa na maji. Mtu huyu alikufa kwa kukosa hewa, mahali pengine, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka mpaka nyama ikaonekana. Alifungiwa. Alikwaruza mpaka akakata roho. Kisha mtu akamleta bwawani.

"Dereva anasemaje tena?" Inspekta akauliza.

"Kwamba mchana, siku moja kabla ya kukutwa bwawani, wamekaa ofisini, simu ya ndani ikalia, ile inayounganisha maduka. Mwenyekiti akasikiliza, akabadilika rangi, akamwambia dereva, 'Nenda kanywe chai.' Akatoka peke yake kwa miguu."

"Mpangaji akilalamika, nani huenda?"

"Nyapara, afande. Siku zote nyapara."

"Na safari hii kaenda mwenyewe." Inspekta akavirudisha viatu mfukoni. "Twende mjini kwanza. Mkubwa anataka yule mzee ahojiwe kabla ya saa sita."

Mzee mwenyewe alijulikana kwa jina la Mzee Vitambaa, na kituoni walishamhukumu. Siku eneo la maduka lilipofunguliwa alisimama getini na kipaza sauti, akamwambia Mwenyekiti mbele ya wageni: "Nitakuona ukizikwa chini ya lami yako!" Watu walicheka wakati ule. Sasa hakuna aliyecheka.

Walimkuta kwenye duka lake la zamani, katika mtaa ambao zamani ulikuwa mtaa mkuu. Milango ya chuma ilikuwa imeshushwa kulia na kushoto. Mabango ya maduka yaliyokufa yalikuwa bado yananing'inia: fundi saa, muuza redio, studio ya picha. Yeye alikuwa ameketi kizani katikati ya rafu tupu, na alipowaona akanyoosha mikono mbele kama anayesubiri pingu.

"Nimefurahi kafa," akasema kabla hajaulizwa. "Andikeni hivyo. Nimeoga, nimevaa shati safi, nimefurahi."

"Hatujafika huko, mzee wangu," Inspekta akavuta kigoda. "Nieleze alikukosea nini."

"Mimi peke yangu? Toka nje uhesabu milango." Mzee alisimama, akaanza kutembea. "Kule kulikuwa kiwanda cha matofali, mwanangu. Nyumba zote za mji huu zimetoka kwenye udongo ule. Kiwanda kikafa, huyu bwana akanunua eneo kwa bei ya kutupa. Kwanza akaleta ghala la vifaa vya ujenzi. Tukasema sawa, hilo halituhusu. Akaleta samani. Seremala wangu jirani akafunga. Akaleta supamaketi, halafu akawashika mkono wakubwa, barabara ikapanuliwa mpaka mlangoni pake, na vituo vya basi vikahamishwa kutoka huku. Unaelewa? Hakuja kushindana na sisi. Alikuja kuuchukua mji akauweke nje ya mji!"

"Ndiyo ukamuua?"

"Ningekuwa na nguvu hizo ningemuua zamani, bado akiwa na ghala moja."

"Siku ile mchana ulikuwa wapi?"

Mzee akakaa. Ule moto wote ukazimika usoni. "Hapa."

"Jirani yako anasema ulifunga."

"Jirani yangu haoni vizuri."

"Mzee wangu, ukinidanganya nitakupeleka ndani, na mkubwa wangu atafurahi kuliko ulivyofurahi wewe."

Koplo akakohoa. Mzee Vitambaa aliangalia mlango, akaangalia vidole vyake, kisha akasema kwa sauti ndogo kama ya mwizi wa sukari: "Nilikwenda kununua kochi."

"Wapi?"

"Kule."

"Kule kwa Mwenyekiti?"

"Mgongo unaniuma!" akafoka. "Na mjini hakuna tena anayeuza makochi! Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikaingia mlango wa nyuma. Mwanangu, nifunge, lakini usimwambie mke wangu bei, wala usimwambie mtu yeyote kwamba nilikuwa kule."

Kamera za duka la samani zilimwonyesha mchana wote. Alikuwa na kofia, na miwani, na alijaribu makochi yote yaliyokuwepo, akalalia mawili. Koplo alicheka mpaka akatokwa machozi. Inspekta hakucheka. Alimwomba mtunza kamera amtafutie Mwenyekiti akitoka ofisini.

Alionekana akivuka maegesho haraka, bila kumsalimu mtu. Alipita supamaketi, akapita vyombo vya umeme, akakata kona ya mwisho. Huko hakukuwa na kamera.

"Kona ile kuna nini?"

"Choo cha wafanyakazi," mtunza kamera akajibu, "na duka la Mama Maua. Anauza miche na miti ya vyungu."

Nyapara alikuwa mtu mzima mwenye mabega yaliyoshuka. Alisimamia ujenzi tangu ghala la kwanza, na ujenzi ulipokwisha akabaki kama mtunza majengo. Inspekta alimkuta chumba cha mitambo akikaza bomba, akamwonyesha ule udongo kwenye kiganja.

"Huu ni wa hapa," nyapara akasema mara moja, kisha akaonekana kujuta.

"Wa hapa wapi? Mimi naona lami tu."

"Chini, afande. Udongo wa kiwanda. Tulipoanza awamu ya pili, ndiyo maegesho haya, palikuwa na mashimo na tanuri la zamani. Tanuri kubwa, la kujengwa ardhini, kama handaki. Wengine wangelivunja. Mwenyekiti akasema kulivunja ni kupoteza wakati, tufukie midomo yake kwa kifusi, tushindilie, tupige lami juu."

"Halikujazwa ndani?"

"Midomo tu. Ndani ni tupu mpaka leo." Alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Kila mvua kubwa ikinyesha alikuwa ananiuliza, 'Hakuna palipotitia?' Hilo ndilo swali lake. Hakuwahi kuuliza paa kama linavuja."

"Linaelekea wapi hilo handaki?"

Nyapara alinyoosha mkono, na mkono wenyewe ukamjibia. Ulielekea kona ya mwisho.

"Kulikuwa na watu kwenye kiwanda mlipokuja?"

"Familia moja ilibaki. Mama na watoto wake wawili, kijana na msichana. Kijana alikuwa mchomaji matofali, mbishi huyo! Alisema baba yake aliahidiwa kiwanja na wenye kiwanda. Nyumba yao ikavunjwa. Hakuondoka." Nyapara akakunja kile kitambaa. "Baadaye nikasikia kaenda nchi za watu kutafuta kazi. Polisi ndio waliosema."

"Siku mnafukia tanuri, nani alikagua ndani?"

"Nilimuuliza Mwenyekiti. Akaniambia limekaguliwa."

"Na nani?"

Nyapara akarudi kwenye bomba lake. Alilikaza bomba ambalo lilikuwa limekwisha kukazwa.

Walipokuwa wanatembea kuelekea kona ya mwisho, Koplo alifungua maelezo aliyokusanya kwa msimamizi wa wapangaji. Kila mpangaji hulilia kukaa karibu na mlango wa supamaketi, maana ndiko watu wanakopita. Mama Maua alipewa nafasi hiyo zaidi ya mara moja, kwa kodi ile ile. Alikataa kila mara. Alisema kona yake ina kivuli.

"Kuna jingine, afande. Yule anayewaletea wauza maua wote mbolea na udongo anasema huyu hajawahi kumwuzia hata gunia."

Inspekta alisimama. Mbele ya duka la Mama Maua vyungu vilikuwa vimepangwa kwa ngazi: mipera, waridi, michungwa midogo, mikangaga. Aliingiza kidole kwenye chungu cha kwanza. Akaingiza kwenye cha pili, na cha mbali kabisa. Kidole kilitoka chekundu mara zote tatu, na kwenye ukucha kikaganda kipande cha tofali.

Mji mzima ulikuwa umenunua udongo ule. Ulikuwa barazani kwa watu, madirishani, kwenye ngazi za mahakama. Ofisini kwa Mwenyekiti kulikuwa na mti mkubwa wa chungu nyuma ya kiti chake.

"Karibuni," sauti ikasema kutoka ndani. "Michungwa imeanza kuzaa."

Mama Maua alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mtu wa shoka. Aliwatazama, akatazama kidole cha Inspekta, akachukua kopo la maji akamalizia kumwagilia chungu alichokuwa anamwagilia. Hakuharakisha.

"Tungependa kuona stoo," Inspekta akasema.

"Mlango uko wazi."

Stoo ilikuwa na winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti, ya kunyanyulia miti mizito, na chini yake toroli pana. Sakafuni vyungu vikubwa vilikuwa vimepangwa duara juu ya mkeka. Koplo alivisogeza kimoja kimoja, akipumua kwa nguvu, akakunja mkeka. Kulikuwa na kifuniko cha mbao nzito. Kwa upande wa ndani kilikuwa kimekwaruzwa, na kwenye mikwaruzo damu ilikuwa imekauka ikawa nyeusi.

Koplo alishuka na tochi. Walimsikia akitembea, kisha hawakumsikia. Alipopanda alikuwa amevua kofia.

"Kuna mtu, afande. Wa zamani. Kalala upande, kajikunyata. Amefunikwa shuka jipya."

Inspekta alimgeukia Mama Maua. "Kaka yako."

"Alikuwa akiniita Kamasi, kwa sababu nilikuwa nalia ovyo." Mama Maua aliketi kwenye gunia. "Tulipovunjiwa nyumba, mama na mimi tulikwenda kwa shangazi. Yeye akahamia tanurini. Alisema hawatathubutu kupiga lami juu ya mtu. Nikampelekea chakula. Nikaona makatapila yamekuja, nikakimbia kwa Mwenyekiti mwenyewe. Nilimpigia magoti, dada. Nikamwambia, 'Kaka yangu analala ndani ya tanuri, niacheni nimtoe, nitamshawishi.' Akanishika bega. Akasema, 'Nimesikia, binti, nenda nyumbani.'"

"Halafu?"

"Kesho yake nilipokuja palikuwa pamekwisha kufukiwa. Nilikwenda kituoni kwenu. Waliniambia kaka yangu ni mzururaji, kaenda zake. Mama aliamini. Alikufa akingoja barua."

Koplo alikuwa anatazama ukuta.

"Ukapanga duka kwake," Inspekta akasema.

"Nikapanga. Alikuwa akipita kukagua, ananisalimia, ananiuliza biashara. Hakunijua! Nilimwangalia usoni miaka yote hiyo nikingoja anijue, hata mara moja. Mtu umemzikia ndugu yake akiwa hai, unamsahau sura?" Alisaga meno. "Nikawa nachimba. Kidogo kidogo, nauza udongo ninaochimba. Nilipomfikia kaka yangu nilikaa naye. Kisha nikapiga simu. Nikasema, 'Mwenyekiti, sakafu yangu imetitia, na chini naona kama handaki.'"

"Akaja mwenyewe."

"Alikuja anakimbia. Sikumsukuma, dada, uandike hivyo. Nilimpa tochi tu. Alishuka mwenyewe kwenda kuona kama kitu chake bado kimefichika. Aliposhuka nikamwita kwa juu, nikamwambia mimi ni nani. Ndipo akanijua. Nilitaka anijue, na akanijua. Nikafunika kabla hajapanda ngazi, nikapanga vyungu. Hewa ya mle ni chache."

"Alipiga kelele."

"Alipiga. Alitaja watoto wake. Muziki wa supamaketi ulikuwa juu. Nikawauzia watu waridi."

"Ungeweza kumwacha hukohuko. Hakuna ambaye angemwona milele. Kwa nini ukamtoa?"

Kwa mara ya kwanza Mama Maua aliinua sauti. "Alale na kaka yangu? Wewe ungekubali? Nilimfunga mnyororo, nikamvuta, nikamlaza kwenye toroli chini ya majani makavu. Kila jioni natupa taka pale bwawani, walinzi wamenizoea. Nikamtupa na taka."

Inspekta alimfunga pingu mwenyewe. Hakuzikaza. Alimsomea haki zake taratibu, neno kwa neno, na Mama Maua aliitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili, kama mtu anayesikiliza bei.

"Mna hatia mbili hapa," Mama Maua akasema. "Yangu nimekubali. Ile nyingine mtaifanyaje?"

"Aliyeitenda amekufa."

"Basi mtoeni kaka yangu kwa juu. Siyo kwa shimo langu, kama panya. Alifukiwa kwa juu, atoke kwa juu. Na msifanye watu wakiwa wamelala. Fanyeni mchana, maduka yakiwa wazi."

Asubuhi iliyofuata mtoto mkubwa wa Mwenyekiti, aliyevaa suti ya msiba, alimfuata Inspekta mpaka katikati ya maegesho. Ilikuwa siku ya mapumziko na magari yalikuwa yamejaa pomoni.

"Tuwe waungwana, afande. Tumpoteze baba, halafu tuharibiwe biashara pia? Wapangaji watakimbia. Subirini jioni, tufunge geti, mchimbe mtakavyo."

"Baba yako hakusubiri jioni."

"Hiyo ni kauli ya polisi au ya mtu mwenye chuki?"

"Ni amri ya mahakama," Inspekta akampa karatasi, "na imeandikwa nianze asubuhi hii. Saa nilichagua mimi."

Alimpa kisogo. Katapila lilikuwa limeshashushwa kwenye lori na meno yake yalikuwa yakining'inia hewani. Mama Maua alikuwa kando ya gari la polisi, pingu mkononi, Koplo ubavuni mwake. Inspekta aliinua mkono kuelekea supamaketi, na baada ya muda muziki ukakatwa katikati ya wimbo. Watu waliokuwa wakisukuma vitoroli walisimama kwa sababu ya ule ukimya.

Palipochorwa alama ya chokaa kulikuwa na gari dogo la familia. Mwenyewe alikuja mbio, mifuko mikononi, mtoto mgongoni kwa mkewe, akiomba radhi kwa kila mtu.

"Naondoa, naondoa sasa hivi! Hakuna aliyetuambia." Alitupa mifuko kiti cha nyuma, kisha akaona pingu, akaona lile katapila na polisi waliozunguka kipande kitupu cha lami. Akamgeukia mtu aliyekuwa karibu naye zaidi, na huyo alikuwa Mama Maua. "Samahani, mama. Kuna nini hapa chini?"

"Kaka yangu," Mama Maua akasema.

Yule bwana alilitazama gari lake. Akamrudisha mkewe nyuma, akaingia, akaliondoa polepole sana, kwa gia ya kwanza, kama anayeogopa kumkanyaga mtu.